Nilipeleka oili yangu gereji, sasa fundi ananijibu kwa kichwa

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Maweni hapa Malindi. Kazi yangu ni kupika mahamri, vitumbua na mkate wa sinia, na kila alfajiri napeleka Watamu kwenye nyumba za wageni na vioski viwili vya kule. Gari ni Probox ya injini ya 1500, niliyoachiwa na marehemu baba. Gari likilala, na unga umelala.

Fundi wangu alikuwa rafiki ya baba. Namwita Ami tangu nikiwa mdogo, na ndiye aliyenifundisha kubadilisha gurudumu. Kila nikitimiza kilomita 5,000 nampelekea gari, yeye anamtuma kijana wake duka la spea, kijana anarudi na oili na filta, kazi inafanywa, nalipa jumla. Ufundi huwa shilingi 300. Risiti sijawahi kuiona wala kuiuliza, kwa kuwa ni Ami.

Sevisi iliyopita, mtungi alioleta kijana ulikuwa umeshafunguliwa. Ule mkanda wa plastiki wa kwenye kizibo haukuwepo. Nilinyamaza, lakini moyo ulikataa. Kwa hiyo safari hii kaka yangu alipokuwa akija kutoka Mombasa nilimwomba aninunulie oili kwenye kituo cha mafuta. Akaniletea mtungi wa lita 4, 5W-30, shilingi 3,800, na risiti yake.

Jumamosi nikafika gereji nimeukumbatia mtungi kama mtoto mchanga. Ami akaushika, akaugeuza, akausoma, akasema, "Oili nyepesi hii, kama maji ya chai. Joto la Malindi linataka 20W-50." Kisha akasema, "Haya, uweke hapo." Kazi ikafanywa kimya kimya. Siku zote hunitolea kiti, siku hiyo nilisimama. Alipomaliza akaniambia ufundi ni 1,000. Nikamwambia, "Ami, si huwa 300?" Akanijibu, "300 ni ya anayechukua oili kwangu. Na injini ikikusumbua, kamuulize aliyekuuzia." Nikalipa nikaondoka.

Jumatatu alfajiri nikaona doa la oili pale ninapoegesha, kubwa kama kisahani cha kikombe. Nikarudi gereji. Ami hakuinua hata uso, kijana ndiye aliyenijibu: "Ni hiyo oili yako nyepesi, inapenya." Tangu siku hiyo nikimpita njiani nikimwamkia, hujibu kwa kichwa.

Mama yangu anasema nimemvunjia heshima mtu mzima, niende nikamtake radhi. Mume wangu anasema nitafute fundi mwingine, mafundi wamejaa Malindi. Mjomba, nilikosa? Na ni kweli oili nyepesi inavuja? Halafu kuna oili ilibaki kwenye mtungi, niliiacha pale pale gereji kwa haya. Ile ni yangu au ni ya fundi?

Mwenye Probox, Maweni

*

Marahaba, mpwa wangu.

Tuanze na doa. Radhi inaweza kungoja mpaka Ijumaa baada ya sala, lakini oili inayodondoka haingoji mtu, na wewe kila siku uko barabara ya Watamu na sinia za watu nyuma.

Leo jioni egesha gari mahali palipo sawa, uzime, utandike chini yake boksi lililokunjuliwa. Alfajiri, kabla hujawasha, vuta kile kijiti cha kupimia, ukifute kwa kitambaa, ukirudishe mpaka mwisho, ukivute tena. Oili ikiwa kati ya alama mbili, unaweza kwenda ukarudi, na kesho upime tena. Ikiwa chini ya alama ya chini, siku hiyo mahamri yapande tuktuk. Na ile taa nyekundu yenye umbo la birika, ikiwaka ukiwa njiani usijiambie utafika kwanza Gede ndipo utazame. Simama hapo hapo, uzime. Taa ile haikuambii kwamba oili imepungua kidogo, inakuambia presha imeanguka, na injini isiyo na presha ya oili haina dakika nyingi za kuishi.

Baada ya hapo tazama doa limekaa wapi kwenye boksi, kisha uiname utazame juu yake. Gari lililokuwa kavu Ijumaa likalowa Jumatatu, na Jumamosi lilikuwa chini ya spana, mshukiwa wa kwanza ni spana. Mara nyingi ni nati ya sampu, ile ya chini inayofunguliwa kumwaga oili. Ina washa yake nyembamba inayobanwa mara moja ikakaa, na ukiirudisha ile ile kila sevisi mwishowe haizibi. Ni kitu cha bei ya kikombe cha chai lakini mafundi wengi hawaibadilishi. Pengine nati haikukazwa sawasawa, au ilikazwa kwa hasira mpaka ikala thredi, na siku ile, kwa ulivyonihadithia, hasira ilikuwepo. Na pengine ni filta. Filta ya zamani ikitolewa, raba yake ya duara huweza kung'ang'ania kwenye injini bila kuonekana. Fundi akifunga mpya juu yake, zinakuwa raba mbili zinapigania nafasi moja, na oili inatafuta njia. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopa, kwa sababu inaanza kwa tone, kisha siku moja inamwaga yote.

Hili la "oili nyepesi inapenya" lina punje ya ukweli ndani yake. Injini iliyochoka, yenye sili (zile raba za kuzuia oili isitoke) zilizokauka, ikiwekewa oili nyepesi kuliko iliyoizoea huweza kuanza kutoa jasho. Lakini ni jasho, linakuja kwa wiki na kwa miezi, linalowesha vumbi pembeni mwa injini. Halileti kisahani cha kikombe usiku wa pili.

Hapa ndipo Ami wako amechanganya mambo mawili, nawe ukakubali kuchanganyiwa. Fundi ana haki kabisa ya kusema, "Oili hii sikuinunua mimi, siidhamini." Kama ni feki, kama si ya gari lako, hayo ni yako na kaka yako na kituo kilichoiuza, na ndiyo maana ile risiti usiitupe. Lakini nati, washa na filta ni kazi ya mikono yake, na mikono umeilipa shilingi 1,000 taslimu. Hiyo anaidhamini hata ungemletea oili iliyonunuliwa mbinguni. Rudi ukamwombe akaze alichokifungua. Usimpelekee mashtaka ya oili, mpelekee boksi lenye doa.

Sasa tuje kwenye hiyo 1,000, maana naona ndiyo iliyokuuma kuliko doa.

Mimi nilikaa nyuma ya kaunta ya duka la spea miaka mingi, enzi ambazo Peugeot 504 ndizo zilizokuwa zikichana barabara ya Mombasa, kwa hiyo nikuambie siri ambayo si siri. 300 haijawahi kuwa bei ya kazi ile. Hebu hesabu: apandishe gari, alale chini kwenye mchanga, afungue oili ya moto inayoweza kumbabua mkono, angoje imalizike, abadilishe filta, atie mpya, apime, na kijana naye ale mchana. Kiwanja kina kodi. Mvua ya masika ikija, kazi hakuna. Nani anafanya yote hayo kwa 300? Hakuna. Kilichokuwa kikimlipa Ami ni mtungi. Duka linamwachia kwa bei ya fundi, yeye anakuuzia kwa bei ya mteja, na kwenye filta vile vile. Ujira wake ulikuwa ndani ya oili miaka yote, umefichwa humo kama nazi ndani ya wali: huioni lakini ukiiondoa utajua. Wewe ulipofika umekumbatia mtungi, ulimwondolea mshahara wa siku ile mbele ya kijana wake bila kumwambia neno, na mbele ya mtungi uliofungwa na risiti yake, kimya chako kilimwambia "sikuamini" kwa sauti kubwa kuliko ambavyo ungesema mwenyewe.

Kwa hiyo sishangai alipandisha. 1,000 naiona kubwa kidogo kwa kazi ile, lakini si wizi. Kosa lake ni kuisema baada ya kazi. Bei ya ufundi husemwa boneti ikiwa imefungwa, hapo mteja ana hiari ya kukubali au kugeuza gari. Ikisemwa baada ya oili ya zamani kumwagwa, mteja hana pa kwenda. Ungefanya hesabu yako kamili pia: 3,800 ya oili na 1,000 ya ufundi, ulinganishe na jumla uliyokuwa ukimlipa. Pengine utakuta tofauti ni ndogo, na ulichonunua hasa ni usingizi, yaani kujua kilichomo ndani ya injini. Hicho nacho kina bei yake, wala sikulaumu kukilipia.

Maana mtungi uliofunguliwa kizibo si jambo la kunyamazia. Sisemi Ami alikudanganya. Wapo mafundi wanaonunua oili kwa pipa la lita 200 na kupimia wateja kwenye mitungi mitupu, na wakikwambia hivyo wazi, ni biashara halali. Tatizo ni mtungi wenye jina kubwa ubavuni na kitu kingine tumboni, na macho hayawezi kutofautisha, oili mpya zote zinang'aa. Mwambie Ami siku nyingine, tena kwa upole: "Mtungi nataka kuuona ukivunjwa mkanda mbele yangu." Anayeuza kitu safi hakasiriki. Nawe unaponunua, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba yake. Unaandika SM# na ile namba ya kibali, unatuma kwa 20023, wanakujibu ni ya nani. Mtungi ukiisha, utoboe kabla ya kuutupa. Ile mitungi inayookotwa mizima mizima unadhani inaenda wapi?

Kuhusu 5W-30 na joto la Malindi, hapa nasimama upande wako bila kumung'unya maneno. Namba ya kwanza, yenye W, inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. W ni ya majira ya baridi ya Wazungu. Namba ya pili inaeleza uzito wake ikishapata moto, na kipimo chake huchukuliwa kwenye nyuzi 100. Sasa injini ya Probox ikishashika moto hufanya kazi karibu na nyuzi 90, uwe Malindi mchana wa Februari au uwe Japani kwenye theluji, kwa sababu kuna thamostati inayoilinda hapo. Joto linalokutoa jasho wewe halibadilishi hesabu hiyo kwa kiasi anachofikiri Ami. Yeye amekulia kwenye 504 na Land Rover za zamani, injini zenye nafasi pana ndani, na 20W-50 ilizitunza vizuri. Sina neno na elimu yake ile. Ila injini yako, kama ni ile ya 1NZ inayowekwa kwenye Probox za 1500, ina mfumo wa VVT-i: oili yenyewe ndiyo inayosukuma gia ya kemshafti, ile fimbo inayofungua vali, kupitia vijitundu vyembamba. Oili nzito alfajiri inafika huko kwa kuchelewa. 5W-30 ndiyo iliyotengenezewa. Kama siku moja utaona inakula oili, unaongeza kila wiki na moshi ni wa buluu, hapo tuzungumze kuhusu 10W-40. Kwa sasa endelea na yako, wala usimwite Ami mjinga kwa hilo.

Mama na mume nao nitawajibu, japo sitawafurahisha. Mama ana haki kwa jambo moja, kwamba ulimfikia mtu mzima kwa kumshtukiza. Ungempigia simu siku mbili kabla: "Ami, kaka amenipa oili, nikuletee unifanyie kazi? Ufundi utakuwa kiasi gani?" Angenung'unika kidogo, angetaja bei, mngecheka. Kwa hiyo radhi iwe ya kule kumshtukiza, na itoshe hapo. Oili ni yako, gari ni lako, na hata Katiba, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa na haki ya kupewa habari za kumwezesha kunufaika nazo. Mume naye anasema kweli kwamba mafundi ni wengi. Lakini fundi anayeijua injini tangu enzi za baba yako, anayekumbuka lini ilibadilishwa mkanda, huyo hawajajaa. Mpe nafasi ya kuziba lile tone. Akikataa hata kuinama kulitazama, basi mfuate mumeo, na mimi nitakuunga mkono.

Ukienda, nenda baada ya alasiri kazi zikiwa zimepungua, si asubuhi magari yakiwa yamepanga foleni, na mahamri ya moto usiyasahau. Si rushwa, ni wewe, hiyo ndiyo kazi yako. Kisha mwekee sharti jipya waziwazi. Ningekuwa mimi ningesema: oili nitaleta mimi, filta na washa utanunua wewe na faida yako humo, na ufundi tukubaliane, iwe 600 au 700, kila sevisi, hauchezi. Hapo ujira wake umetoka mafichoni, umekaa juu ya meza. Nadhani ataupenda kuliko unavyodhani, kwa sababu hata yeye kule kuuficha ndani ya mtungi kunamchosha. Mwombe pia aandike kwa kalamu kwenye kipande cha tepu, akibandike ndani ya mlango: tarehe, kilomita, na aina ya oili. Baba yako bila shaka alikuwa na kijitabu. Wewe tepu inatosha.

Na ukiwa hapo, tupa jicho uone ile oili chafu inamwagwa wapi. Wanaopaka nguzo na boriti dhidi ya mchwa huja kuichukua, na hao ni sawa. Ikimwagwa kwenye mchanga nyuma ya gereji, inashuka, na mtaani kwetu bado kuna visima watu wanachotea maji ya kufulia. Mbele ya hapo kuna bahari, na sehemu yake ni hifadhi tangu 1968. Ami ni mvuvi wa Ijumaa kama nilivyo mimi? Kama ni hivyo, hutahitaji kumweleza sana.

Ile iliyobaki ni yako. Injini ile ikibadilishwa na filta huchukua lita 3.7 hivi, mtungi ulikuwa lita 4, kwa hiyo iliyobaki ni kama chupa ya soda ya kioo, ile ya mililita 300. Ndiyo ya kuongezea ukiona kijiti kimeshuka, na kwa hali ya sasa yenye tone utaihitaji wiki hii. Kaichukue upesi, na si kwa ajili yako peke yako. Kijana wa gereji akiitia kwenye bodaboda yake atajuta. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na tuktuk nyingi ni vivyo hivyo. Oili za magari, hasa hizi nyepesi, huwa na dawa ya utelezi inayofanya klachi iteleze. Yao huandikwa JASO MA mtungini. Atapanda kilima, injini itapiga kelele na pikipiki haitaenda, na nadhani unajua ataisingizia oili ya nani.